Misemo ya Kikantoni: unaijua yote, ukiitumia wanacheka, sasa tatizo liko wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kitanzania anayefanya kazi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo huko Hong Kong, kontena za kwenda Dar na Mombasa. Nalifupisha. Anasema Kikantoni cha kazini (Kikantoni ndo Kichina wanachoongea huko) anakimudu, oda anapokea, simu anajibu, ila wenzake wakianza kupiga soga anapotea kabisa maana kila sentensi ina msemo ndani yake. Akaamua kukariri. Akapata listi ya misemo mtandaoni, akaimeza yote, na sasa kila akitoa mmoja ofisi nzima inacheka, wanampigia makofi, alafu wanahamia Kiingereza. Anauliza: "Nakosea nini, na nianze na ipi ili nisionekane kituko? Na nikienda Guangzhou kuchukua mzigo, hii hii itanifaa?"

Dada yangu, yawezekana kabisa hukosei matamshi na hukosei maana, nianze na hilo ili upumue. Wanachocheka ni kwamba umeutoa msemo mzima mzima, umenyooka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Hebu geuza kibao. Mchina ana duka Kariakoo, mzigo umechelewa, mteja kaja juu, Mchina anatabasamu anasema "haraka haraka haina baraka" yote kamili. Tutacheka, tutampenda, mtu atatoa simu amrekodi, lakini hakuna atakayemjibu. Maana sisi wenyewe methali hatuzimalizi, tunasema "aah, asiyefunzwa na mamaye..." tunaishia hapo, mwenzako anaguna, yameisha. Na mara nyingi hata hizo methali hatuzigusi, tunatumia vitu vidogo ambavyo hatuvihesabu kama misemo: kanipiga chenga, kaingia mitini, kala kona. Huyo Mchina siku akisema "yule jamaa kanipiga chenga" hakuna atakayepiga makofi, watu watamuuliza "kakukimbia na hela?" na maongezi yanaendelea. Unapotaka kufika ni hapo, mtu akujibu ulichosema badala ya kukusifia ulivyosema.

Kwahiyo hiyo listi iweke kando kidogo. Sio mbaya, ila najua imejaa nini maana hizi listi zinanakiliana: zile za herufi nne nne za vitabuni, na zile ndefu za kuchekesha zenye kuku na bata na nguruwe ndani. Wenzako wakiwa wamechoka saa kumi jioni hawaongei hivyo. Wanaongea hivi vidogo.

Kabla sijaenda mbali, naandika kwa Jyutping, ule mfumo wa herufi za kirumi uliotolewa 1993 na chama cha wanaisimu cha Hong Kong, na namba mwishoni ni toni, yani sauti inavyopanda na kushuka. Toni ziko 6 na wewe mtu wa biashara unajua maumivu yake, maai5 ni kununua na maai6 ni kuuza, ukiteleza hapo umeshageuza oda ya watu. Naweka na herufi za Kichina mara moja moja ili uweze kuzitafuta kwenye simu.

Sasa vidogo vyenyewe. Meli imechelewa, wakala kasema mpaka Jumatatu, mwenzako anakutazama. Unanyanyua mabega: mou5 gai2 laa1 (冇計啦). Yani hatuna jinsi. Karatasi zimekosekana na mteja yuko mlangoni, bosi anapita anakwambia zap1 saang1 laa1 (執生啦), tafuta namna mwenyewe hapohapo, mimi sipo. Mtu umechoka na mteja mmoja anayepiga simu kila dakika: ding2 m4 seon6 (頂唔順), sivumilii tena. Umeona jambo la aibu, mtu kaharibu kitu cha wazi kabisa: mou5 ngaan5 tai2 (冇眼睇), sina macho ya kutazama. Yule anayejificha chooni na simu wakati wa kupakia anaitwa se4 wong4 (蛇王), mfalme wa nyoka, na sisi tunamwita mtegaji. Na ci1 sin3 (黐線) utaisikia mpaka uchoke, maana yake nyaya zimegusana, mtu kapagawa, ni picha ya enzi za simu za waya. Hiyo ci1 sin3 waachie wenyewe kwanza, kwa rafiki ni utani ila kwa mtu usiyemzoea ni tusi.

Kitu ambacho listi haikwambii ni kile kikia cha mwisho, lile neno dogo la kufungia sentensi. Mou5 gai2 laa1 na mou5 gai2 lo1 sio kitu kimoja. Ukiweka laa1 unamtuliza mwenzako, unamwambia basi tuachane nalo. Ukiweka lo1 unasema "ndo hivyo tena, si unaona mwenyewe", kuna kaharufu ka kulalamika ndani yake. Ding2 m4 seon6 laa3 ina maana sasa imefika hapa, jana nilikuwa navumilia. Msemo ukiutoa bila kikia chochote unabaki mkavu, na huo ukavu ndo unaowafanya wajue umetoka kwenye karatasi. Mimi wanafunzi wangu nawakatalia kuandika msemo wowote kwenye daftari bila kikia chake, na wengi hiki ndo kinawabadilisha haraka kuliko kukariri misemo mipya.

Alafu kuna jambo la sarufi ambalo sisi Waswahili tunalo tayari mdomoni. Misemo mingi ya Kikantoni ni kitenzi na nomino, na inakatika katikati. Fong3 fei1 gei1 (放飛機) ni kuachia ndege, maana yake mmepatana mkutane alafu mtu hatokei. Mwanafunzi anayekariri anasema neno zima alafu anatafuta pa kumweka aliyetendewa. Mwenyeji anampachika katikati: keoi5 fong3 zo2 ngo5 fei1 gei1, kaniachia ndege mimi. Hiyo zo2 inaonyesha imeshatokea, inabana kwenye kitenzi, alafu mimi nafuata, ndege inabaki mwisho. Wewe ukisema "alinipiga chenga" umefanya hivyohivyo, wakati umeingia kwenye kitenzi, mtu kaingia kwenye kitenzi, chenga imekaa palepale haisogei. Mzungu anahangaika sana hapa, wewe usihangaike, sema kama unavyosema kwenu.

Maarufu kuliko yote ni caau2 jau4 jyu2 (炒魷魚), kukaanga ngisi, yani kufukuza mtu kazi. Stori yake wanavyoieleza ni kwamba zamani mfanyakazi alilala palepale kwa tajiri wake, akaja na matandiko yake mwenyewe, na akifukuzwa anayakunja anabeba anaondoka. Na ngisi ukimtia kwenye kikaango cha moto anajikunja hivyohivyo. Wana na ndugu yake, zap1 baau1 fuk6 (執包袱), kukusanya kifurushi, na hapo mimi kila mara nacheka peke yangu maana sisi tunasema kafungishwa virago, na kirago si ni mkeka wa kulalia. Mkantoni na mtu wa pwani wote wakifukuzwa kazi wanakunja kitanda.

Lakini angalia inavyotumika kweli. Lou5 sai3 caau2 zo2 keoi5 jau4 jyu2, bosi kamkaanga ngisi, yule aliyefukuzwa yuko katikati tena. Ila mara nyingi ngisi mwenyewe hatajwi kabisa: keoi5 bei2 jan4 caau2 zo2, kakaangwa. Basi. Wewe umekaa unasubiri usikie neno ngisi ndo ujue ni msemo, kumbe ngisi hayupo. Nadhani nusu ya kupotea kwako kwenye soga iko hapa, misemo unaijua ila unaingojea ikiwa kamili na wao wanaileta ikiwa imekatwa. Na inageuka pia, mtu anaweza kumkaanga ngisi bosi wake, yani kaacha kazi mwenyewe kwa kiburi.

Njoo kwenye kula. Sik6 (食) ni kula, na hapa una bahati ambayo wanafunzi wengi hawana, maana lugha yetu nayo inakula kila kitu: tunakula rushwa, tunakula njama, tunakula kiapo, tunakula hasara. Kikantoni wanakula limau, sik6 ning4 mung1, umemtongoza mtu kakukataa. Wanakula wali laini, sik6 jyun5 faan6, mwanaume anayelishwa na mwanamke (usimwambie mtu huyo usoni, hata kwa utani, hata akiwa shemeji yako). Wanakula mbegu, sik6 guk1 zung2, mtu hana kipato anamaliza akiba, na mtu yeyote aliyewahi kuona mkulima anakula mbegu za msimu ujao haitaji kuelezwa zaidi. Na wana huu: ngo5 sik6 jim4 do1 gwo3 nei5 sik6 mai5, nimekula chumvi nyingi kuliko mchele uliokula wewe. Si unaona? Sisi tunasema mzee yule kala chumvi nyingi. Picha ileile. Tofauti ni kwamba kwetu mara nyingi unamsifia mtu mwingine, kwao mtu anajisemea mwenyewe, mkubwa kwa mdogo, na kwa ukali kidogo, nyamaza mimi najua. Wewe huo usiutumie kwa yeyote ofisini isipokuwa yule kijana wa mafunzo, tena akiwa amekuzoea.

Wa kwako wa ofisini kabisa ni sik6 sei2 maau1 (食死貓), kula paka mfu. Kosa la mtu mwingine wewe ndo unabebeshwa. Namba ya kontena imeandikwa vibaya, sio wewe uliyeandika, macho yote yanakuja kwako. Hapo sema ngo5 m4 sik6 ni1 zek3 sei2 maau1, mimi huyu paka mfu simli. Ona hiyo zek3 iliyoingia, ni neno la kuhesabia wanyama, na ni1 ni "huyu". Ukisema hivyo paka anakuwa wa leo, wa ofisi hii, wa karatasi hii, msemo haupo kwenye listi tena. Watacheka, ndiyo, ila watacheka na wewe na kosa litarudi kwa mwenyewe.

Sasa zile ndefu. Kuna aina wanaiita hit3 hau6 jyu5 (歇後語), msemo wa vipande viwili, cha kwanza ni picha na cha pili ni maana, na mwenyeji anasema cha kwanza tu anakuachia umalizie kichwani. Kwa mtoto aliyekuzwa na "kitendawili, tega" hii haina ugeni. Nai4 pou4 saat3 gwo3 gong1, mungu wa udongo anavuka mto. Kimya. Kipande cha pili, zi6 san1 naan4 bou2, ni kwamba mwenyewe hawezi kujiokoa, na kinatumika pale unapomwomba mtu msaada naye yuko kwenye shida zaidi yako. Zuk1 zik1 aap2, bata wa kusukwa kwa mianzi, mou5 sam1 gon1, ndani hana moyo wala ini, ni mtu asiyejali, unamtuma kitu anasahau.

Zingine zimejengwa juu ya sauti, na hizo ndo ngumu kwa mgeni. Lou5 gung1 put3 sin3, mume anapepea. Anampepea nani? Mke. Mke anapata ubaridi, cai1 loeng4, na cai1 loeng4 hiyohiyo kwa herufi nyingine ni "masikini wee, inatia huruma". Toni ikikaa vibaya utani umekufa, kwahiyo usianze nayo wewe.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya panya. Mwaka 1894 Hong Kong ilipigwa na tauni, na ni hapohapo Hong Kong, mwaka huohuo, Alexandre Yersin alipokitambua kimelea cha ugonjwa ule. Baadaye serikali ya kikoloni ikawa inaweka visanduku kwenye nguzo za barabarani, watu watumbukize panya waliokufa humo. Nguzo ndefu, kisanduku kifupi kimening'inia pembeni. Watu wakatazama, na wewe unajua watu wakiwa na shida ulimi haulali, wakaanza kuwaita hivyo wapenzi ambao mmoja mrefu mwingine mfupi: din6 dang1 caam3 gwaa3 lou5 syu2 soeng1, nguzo ya taa imetundikwa sanduku la panya. Kipande cha pili ni gou1 dai1, juu na chini. Tauni imeondoka, visanduku vimeondoka, msemo umebaki kwa wazee. Ukiusema kwa vijana wa ofisini wengine hawataujua, na mzee anayeujua atakuuliza umeutoa wapi. Huo jifunze kwa ajili ya kufurahi, na uutambue ukiusikia.

Maana yangu ni hii: kwenye hizi za vipande viwili, kazi yako wewe sio kutega, kazi yako ni kujibu. Mwenzako akisema mungu wa udongo anavuka mto, wewe malizia polepole, zi6 san1 naan4 bou2. Hapo ndo utaona uso wa mtu unabadilika. Hapo hapigi makofi, maana hujamwonyesha kitu ulichokariri, umemwonyesha kwamba ulikuwa unamsikiliza, na atakuongelesha Kikantoni mpaka mwisho wa chai. Anayetega anajaribiwa, anayejibu anakaribishwa, na hili nimeliona kwa wanafunzi wa kila aina. Na kama hujui kipande cha pili, mai6 hai6 lo1 (咪係囉) inatosha, ni "ndo hapo sasa" yetu kabisa, unaichomeka baada ya malalamiko yoyote ya mtu yeyote na unaonekana uko ndani.

Kuna mmoja mrefu nitakuruhusu uutoe mwenyewe: waak6 gung1 zai2 m4 sai2 waak6 ceot1 coeng2 (畫公仔唔使畫出腸), ukichora mtu hakuna haja ya kumchora mpaka utumbo. Yani tumeshaelewana, usimalizie. Mwanamke wa pwani anayevaa kanga akapita mbele ya jirani bila kusema neno anaujua huu msemo toka zamani.

Sasa kitu ambacho hukuuliza, ila kwa kazi yako nakiona muhimu kuliko hivyo vyote. Kikantoni kina maneno yanayokwepwa kwa sababu yanasikika vibaya, na uzuri wake ni kwamba yakishakwepwa yanakuwa maneno ya kawaida ya kazi. Tupu ni hung1 (空), na hung1 nyingine (凶) ni balaa. Hakuna mfanyabiashara anataka kusema balaa asubuhi, kwahiyo wanasema gat1 (吉), heri. Nyumba tupu ya kupanga ni nyumba ya heri. Na kontena tupu kwenye bandari za Kwai Chung ni gat1 gwai6 (吉櫃), kontena la heri. Nadhani umeshalisikia mara nyingi ukafikiri ni jina la aina fulani ya kontena. Ukiingia buchani ulimi wa nguruwe hauitwi sit6, maana sit6 nyingine ni kupata hasara, unaitwa zyu1 lei6, na lei6 ni faida. Ini haliitwi gon1, maana gon1 ni ukavu na mfuko mkavu hauna hela, wanasema zyu1 jeon2, la majimaji. Hii inatoka kwenye imani yao kubwa kwamba maji ndo pesa: jat1 gau6 seoi2, bonge moja la maji, ni dola 100 za Hong Kong, na mtu aliyeishiwa wanasema gon1 tong4 (乾塘), bwawa limekauka. Sisi tunaita hela mpunga, wao maji, mpunga bila maji hauoti kwahiyo tusibishane.

Na ukijikuta umeteleza, umesema neno la mkosi, mfano umesema mbele ya bosi "meli isije ikazama", mtu atakwambia tou3 hau2 seoi2 gong2 gwo3, tema mate useme upya. Usishtuke wala usikasirike. Bibi zetu si wanasema tema mate chini. Cheka, fanya "ptuu" ya uongo, sema daai6 gat1 lei6 si6 (大吉利是), yani iwe heri tupu, rekebisha sentensi, kazi iendelee. Kwa maoni yangu mtu anayejua kufanya hivyo kwa wakati wake ameingia ndani ya lugha kuliko mwenye misemo mia ya kukariri.

Zile za herufi nne nne nimeziacha makusudi. Nyingi ni za Kichina cha maandishi, Mmandarini, yani anayeongea Kichina cha taifa, anazo pia, na kwenye soga zinasikika za kisomi. Zina msimu wake, mwaka mpya wa Kichina. Siku ya kwanza ya kurudi kazini bosi anagawa bahasha nyekundu zenye hela, hapo mwambie saang1 ji3 hing1 lung4, biashara ishamiri, na kwa mtu mzima san1 tai2 gin6 hong1, afya njema. Hapo msemo mzima mzima ndo unatakiwa, risala inaruhusiwa, chukua bahasha yako kwa mikono miwili.

Namna ya kufanya mazoezi. Daftari lako usiandike msemo upande huu na Kiswahili upande ule. Andika nani kamwambia nani, nini kilikuwa kimetokea dakika moja kabla, kikia gani kilikuwa mwishoni, na aliyeambiwa alijibuje. Usiutumie mpaka umeusikia kwa watu wawili tofauti, maana mtu mmoja anaweza kuwa na misemo yake ya nyumbani au ya babu yake. Alafu chagua mwenzako mmoja mwenye subira, mmoja tu, umuulize wakati wa chakula, na swali la kuuliza sio "maana yake nini". Muulize nei5 wui5 m4 wui5 tung4 nei5 aa3 maa1 gong2 aa3, ungemwambia mama yako hivi? Jibu la hilo swali lina kila kitu ndani: heshima, umri, utani, kama ni la kiume, kama ni la mtaani.

Tamthilia za Hong Kong angalia, ila jihadhari na maandishi ya chini. Kwa kawaida yameandikwa Kichina sanifu, mwigizaji anasema keoi5 (佢), yani yeye, na chini imeandikwa 他, "yeye" ya vitabuni, na msemo wenyewe wa mtaani mara nyingi umeshageuzwa kuwa neno la kawaida. Wanafunzi wengi wanasoma chini wanafikiri wamesikia. Funika hayo maandishi, sikiliza, rudisha nyuma, kisha tafuta kwenye words.hk, ni kamusi ya bure mtandaoni na ina mifano ya sentensi ya Kikantoni cha kuongea. Na kuna mchoro mmoja wa 2014 wa mchoraji wa Hong Kong anayejiita Ah To, kaweka misemo 81 kwenye picha moja, watu wanafanya mambo ya ajabu kila kona. Uweke kwenye simu na umpe huyo mwenzako akuonyeshe ile anayoitumia yeye kweli. Atakayoiruka na wewe iruke. Grupu la WhatsApp la ofisi nalo ni darasa, maana humo wanaandika kama wanavyoongea, na hakuna anayekuona ukisoma mara tano.

Matusi. Najua wameshakufundisha puk1 gaai1 (仆街), maana ndo neno la kwanza kila mgeni anafundishwa ili watu wacheke. Wao kwa wao wanaitana hivyo kama salamu, ila salamu hiyo ina miaka ya urafiki nyuma yake na wewe miaka hiyo bado huna. Ijue, isikie, usiitoe. Akikutupia mtu barabarani, elewa kakutukana.

Kuhusu Guangzhou. Misemo karibu yote niliyotaja inaeleweka kule kwa wenyeji, huko ndo nyumbani kwa Kikantoni chenyewe, na mzee wa Guangzhou akikusikia unasema mou5 gai2 laa1 atakuongezea chai. Ila kwenye masoko ya jumla unakochukua mzigo wauzaji wengi sio wa Guangdong, mkoa wenye Guangzhou yenyewe, wametoka mikoa mingine kutafuta maisha kama wewe, na Kikantoni kwao ni lugha ya wenyewe. Ukimwambia huyo habari ya paka mfu atakutazama tu. Baadhi wameyapata kwa sababu yameshavuka kwenda Kimandarini, kukaanga ngisi wanaijua, na gaa1 jau2 (加油) ya kumtia mtu moyo wanaijua maana hata Kimandarini ipo, lakini zile za mtaani hapana. Kwahiyo kabla hujafungua mdomo muulize nei5 hai6 bin1 dou6 jan4 aa3, wewe ni mtu wa wapi, na kama hata hilo swali hajalielewa umeshapata jibu, toa Kimandarini chako ulichonacho na kikokotoo, mfike bei.